Mbuzi Isiyolia

Meza tano tu, na ya tano ina mguu mfupi,
tumeutegemeza kwa kifuu.
Nje Ganjoni inapiga honi. Humu ndani
feni inazunguka polepole kama mtu anayekumbuka deni,
na harufu ni ya iliki, bizari,
na karanga zilizoungua kidogo
(kosa langu, niliusahau moto).

Mimi ni binti wa Ngumbao, mwenye bucha Kongowea.
Nilijua bei ya maini kabla sijajua kusoma.
Sasa napembua majani.
Mkawasi, mwenye mkahawa, huyaagiza kwa shemeji yake Wundanyi:
mnavu, mchicha, majani ya kunde,
yasiyojua dawa wala mbolea ya gunia,
ndiyo maana huja na wageni.
Jani kwa jani nalielekeza kwenye taa,
mbele, nyuma, kwenye mshipa.
Kiwavi asiyezidi nukta
namtoa kwa ncha ya kidole, namweka dirishani.
"Mchele hupembuliwa mawe," husema Mkawasi,
"mboga hupembuliwa roho."

Bwana Elkana alipoingia mara ya kwanza,
fundi wa mitambo ya meli, shati lina mikunjo miwili ya pasi,
hakuuliza bei. Aliuliza:
"Chakula chenu ni kosha?"
Nikamwonyesha mikono, bado ina povu.
"Nimekosha, bwana. Sufuria nimekosha, na visu, na sakafu."
Alicheka mpaka akavua miwani.
Kisha akanifungulia neno lake taratibu,
sheria ya mababu zake:
nyama na maziwa visikutane hata kwa mwiko,
mdudu asipite,
chungu kijulikane kimepikiwa nini.
Nikamletea chungu. Historia yake fupi:
mbaazi, mbaazi, mbaazi za nazi,
siku moja bamia.

Alikula kimya, akafuta sahani kwa hamri.
Divai alikuja nayo mwenyewe, chupa ina muhuri,
akaifungua kwa mkono wake;
mimi nikasimama kando
kama mtu aliyeikuta sala ya jirani.
Siku hizi chupa zake sita zinalala kabatini kwetu,
na ufunguo anao yeye.

Jumapili moja baba akaja.
Akakaa ile meza ya kifuu,
akatazama kuta, akatazama sahani za watu,
akatazama mlango.
"Mbuzi," akasema. Haikuwa salamu.
"Ipo," Mkawasi akaitika, akaingia jikoni,
akatoka nayo kwapani:
kibao cha mvule, ulimi wa chuma, meno kumi.
Akaikalia pale pale mbele yake,
akapasua nazi, akakuna.
"Mimi nimetaka mbuzi *wa* nyama."
"Mbuzi *wa* hatuna, mzee. Tunayo mbuzi *ya*."
Nikajificha nyuma ya pazia nikiuma mwiko.

Nazi ilikuwa ikianguka nyeupe kwenye sinia,
lakini kwa shida, kwa kukwaruza, vipande vipande.
Baba alivumilia kadiri alivyoweza.
Akainama, akayapima meno yale kwa dole gumba
vile anavyovipima visu vyake alfajiri.
"Butu," akasema. "Mnaitesa."
Akaomba tupa. Hatukuwa nayo.
Akavuka barabara hadi kwa fundi baiskeli,
akarudi nayo, akakunja mikono ya shati,
na kwa robo saa wateja wote walikula
kwa mlio wa chuma juu ya chuma.

Kasimele ya siku ile ilitoka nzito, ikagoma kumiminika.
Mbaazi alikula sahani mbili. Alisema zimepungua chumvi.
Divai ya Mkawasi aliinusa, akairudisha mezani:
"Huu ni mnazi uliosafiri, ukasahau kwao."
Akaimaliza hata hivyo.

Sasa nazi inakunika kabla sijajifunga kanga vizuri.
Jioni nikifika nyumbani, baba anasugua mikono kwa limau,
ile harufu haimtoki,
huniuliza bila kugeuka:
"Leo mmechinja ngapi?"
"Kumi na nne," namjibu,
"wala haikulia hata moja."